Mizani

Baba alikuwa na mizani ndogo ya mfupa na shaba,
mkono wake mwembamba kama kijiti cha kulia wali,
na duka la droo mia moja na ishirini
katika kichochoro cha Yanshui, kusini mwa Taiwani.
Alipima magome, alipima maua,
alipima magamba matupu ya nyenje,
akafunga kila kipimo kwa karatasi ya waridi.
Hakumpunja mtu.
Hakumzidishia mtu.

Mama, Siok-hui, alipasua chaza
miaka ishirini na mitatu, juu ya kigoda cha plastiki,
miguu ndani ya maji ya chumvi.
Magoti yakavimba.
Baba akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
akafumba macho,
akayasikiliza mapigo kama mtu asomewaye barua,
kisha akafungua droo ya thelathini na saba.

Gramu kumi na mbili za mzizi,
vipande vya mviringo, vyenye mistari
kama tindi za gurudumu la baiskeli.
Vikombe vitatu vya maji vichemke hadi kimoja.
Kila usiku, miaka sita.
Na uchungu ukishamezwa, plamu moja kavu,
baba akimtia mama mdomoni kwa mkono wake.
Magoti yalipona. Hilo nalo liandikwe:
yalipona kweli.

Iko mizizi miwili yenye jina moja.
Mmoja mpole.
Wa pili hupatikana kwa bei nafuu,
na mwenye ghala huko bandarini
hakuulizwa, naye hakusema.
Baba alipima uzito wa kitu
ambacho alikijua kwa jina tu.

Nilitaka kulisimulia hili kwa vina na mizani.
Nimeshindwa. Hilo neno la pili
linanikwama.

Kwanza nyama ikamnukia mama sarafu.
Viatu vikamkataa.
Uso ukageuka rangi ya saruji iliyolowa,
na baba, Mungu wangu, akaongeza kipimo.

Daktari Yap akainua picha kwenye taa:
figo mbili zilizonyauka, ndogo kuliko ngumi ya mtoto.
“Umekuwa ukinywa nini, mama?”
“Maji,” akasema mama.
“Dawa yoyote ya mitishamba?”
“Maji tu. Na chai, siku za sikukuu.”
Alisema bila kugeuka nyuma,
alikokuwa ameketi mtu wa kumgeukia.

Kimya. Feni ya ukutani ikapita juu yetu, ikarudi.
Ndipo baba akaingiza mkono mfukoni,
akatoa kifurushi cha karatasi ya waridi,
akakiweka juu ya meza ya daktari,
taratibu, kama mteja anayerudisha chenji iliyozidi.

Mchuma janga hula na wa kwao.
Baba hakula.
Alilisha.

Sasa ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Mama hupimwa akiingia, hupimwa akitoka;
kilo mbili na nusu za maji hubaki kwenye mashine.
Baba huandika tarakimu hizo kwa brashi
katika daftari lile lile la duka,
safu ile ile, chini ya majina ya wateja
ambao amekuwa akiwatafuta mlango kwa mlango.
Wawili walimfungia. Mmoja alimkaribisha chai,
na hilo, anasema, ndilo lililomuuma zaidi.

Mkono wa kushoto wa mama waliuunganisha mishipa.
Unavuma usiku na mchana,
nyuki waliofungiwa chupani.
Wajukuu huuweka sikioni na kucheka.

Jana nilimkuta baba kando ya kitanda chake,
mama amelala, mdomo umekauka;
kikombe chake cha siku kilikwisha saa nne asubuhi.
Baba alikuwa amemshika kifundo cha mkono,
vidole vitatu, macho yamefumbwa,
na chini ya vidole vyake mvumo tu,
mvumo, mvumo,
barua isiyo na hata herufi moja anayoijua.
Hakumwachia.